Makaa kwenye Kigari cha Fergal

Ukitaka kumjua Dympna Keaveney, usimuulize habari za afya yake. Atakwambia hajambo hata kama mguu mmoja umeshaingia kaburini. Muulize habari za makaa, hapo ndipo utakapomsikia.

Kila Alhamisi lori la Malachy Tansey hupanda Mtaa wa Kanisa pale Ballinorra, limesheheni magunia ya makaa ya mawe mbele na kuni nyuma. Majirani wengine humwachia mlango wa banda wazi, akamwaga mzigo akaenda zake. Dympna, ng'o. Dympna husimama mlangoni na aproni yake, mikono kiunoni, na gunia halivuki kizingiti kabla hajalifungua mdomo. Huchukua makaa mawili akayagonganisha karibu na sikio. Kaa zuri hulia kama kigae, kaa bovu hunyamaza, na Dympna hakubali kuuziwa kaa bubu. Kuni nazo ni hivyo hivyo. Huchukua vipande viwili, akavigonga, akamtazama Tansey kwa jicho la pembeni.

"Hizi umezikata jana," atasema. "Ndege bado yuko juu anatafuta kiota chake."

Tansey huguna kitu ambacho mtu wa kanisani hapaswi kukiguna, akarudi kwenye lori kubadilisha. Zaidi ya miaka thelathini wamekuwa wakifanya hivyo, na nakuambia kweli, hakuna hata mmoja kati yao ambaye angependa Alhamisi ipite bila ugomvi ule.

Ukaidi huo wa Dympna ulikuwa na sababu yake, na sababu yenyewe ilikuwa inawaka sebuleni. Moto ule haukuwa wa kuwashwa kwa kiberiti. Siku alipoolewa na Bartley Keaveney, mama yake alichota makaa ya moto mekoni kwake huko Kilmorra, akayatia kwenye ndoo ya bati, akayafunika kwa majivu, akampakatisha bintiye ndoo ile kwenye gari la harusi. Bartley alicheka njia nzima. Wenzake, alisema, huletewa mablanketi na vyombo vya udongo, yeye kaletewa moto wa kumuunguzia suruali. Lakini walipofika Mtaa wa Kanisa, yeye mwenyewe ndiye aliyepiga magoti na kuyamimina makaa yale mekoni, na tangu siku ile hayakuzimika.

Hayakuzimika kwa sababu Dympna hakuyaacha yazimike. Kila jioni kabla ya kulala huyakusanya makaa yaliyo hai katikati ya meko, akayafukia kwa majivu, kisha akachukua vumbi la makaa, akalichanganya na majani ya chai yaliyobaki kwenye birika, likawa kama uji mzito, akalikandika juu. Asubuhi hufukua, akakuta jicho jekundu linamngoja. Hapo ndipo ubora wa makaa unapojulikana. Kaa bubu haliwezi kulala na kuamka. Ndiyo maana huyagonga.

Na moto ule ulikuwa na kazi nyingine. Katika mtaa wetu watu hawagongeani milango asubuhi kuulizana umeamkaje. Hutazama dohani. Mossie Hanley, jirani wa Dympna, mjane mwenzake na mtu wa maneno machache, hutoka nje kila asubuhi akiwa na kikombe, akatazama juu ya paa la Dympna. Ikifuka moshi, hunywa chai yake. Dympna naye huitazama ya Mossie. Mwaka fulani wa theluji hakuona moshi kwa Mossie mpaka kengele ya misa ikalia, naye hakuita mtu wala kubisha hodi. Alivunja dirisha kwa chuma chake cha kuchokorea moto, akamkuta Mossie kitandani anatweta kwa nimonia. Mpaka leo Mossie anamdai kioo, na yeye Dympna anamwambia adai tu.

Sasa tuje kwa Fergal.

Fergal ni mwanawe wa pekee. Anakaa Dublin, ana kazi ya bima, ana gari zuri na mke mpole. Si mtoto mbaya. Nasema hivi mapema ili msije mkamchukia bure, ingawa kuna siku nilimchukia mimi. Bartley alipofariki, Dympna alimwandikia Fergal nyumba, kama tunavyofanya sote: mzazi akizeeka humwandikia mwana, mwenyewe mzazi akabaki humo mpaka siku yake. Hakuna anayefikiria habari ya karatasi zile tena. Zinakaa kwa wakili, zinakula vumbi.

Mwezi wa Februari Dympna aliteleza bandani akiwa na ndoo ya makaa. Alianguka kwa nyonga, akalala kwenye saruji, sauti yake haifiki mbali, mpaka Mossie aliposhangaa kwamba moshi umepungua kabla ya wakati akaja kuchungulia. Hakuvunjika. Alitoka na jeraha la rangi zote za machweo na hasira ya kuonekana amelala chini. Fergal alifika kabla ya chakula cha mchana, na ni mwendo wa mbali, kwa hiyo alikuwa ameendesha kama mwendawazimu. Alimkuta mama yake amekaa kando ya moto anamenya viazi.

Wiki iliyofuata alirudi na picha. Ataweka boila ya mafuta nyuma ya nyumba, mabomba yatapita kila chumba, joto litakuja kwa kubonyeza kitufe. Meko yatazibwa kwa matofali na dohani itafunikwa juu, maana hewa baridi hupitia humo. Na mahali pa meko pataning'inizwa sanduku la umeme lenye taa ndani, linaloonyesha moto unaocheza. Alimwonyesha picha ya sanduku lile kwa furaha, maskini.

Dympna, aliyekuwa tena na viazi vyake, aliivaa miwani, akaitazama picha kwa makini.

"Moto wa picha," akasema. "Na chai utaniletea ya picha?"

Fergal alianza kueleza habari za kifua cha mama yake, za nyonga, za daktari. Dympna alisema hapana. Fergal alieleza upya, polepole, kwa ile sauti ambayo watu wa mjini huwatolea wazazi wao wakidhani masikio ndiyo tatizo. Dympna alisema hapana tena. Hapo Fergal, ambaye hakuwa amelala vizuri tangu mama yake aanguke, akasema neno ambalo angetoa mshahara wa mwaka kulirudisha.

"Mama, nyumba ni yangu. Ukiangalia karatasi, nyumba ni yangu."

Dympna aliendelea kumenya viazi. Hakumtazama, na Fergal alipoinama kumbusu wakati wa kuondoka, alibusu hewa. Wazee walisema moto huzaa jivu. Jioni ile Dympna alikaa akiufukia moto wake, akawaza kwamba wazee hawakukosea, na akalia, ndiyo, alilia kwa uchungu na kwa hasira, ila kazi ya majivu aliimaliza kama kila jioni.

Alhamisi iliyofuata lori la Tansey lilipanda Mtaa wa Kanisa. Dympna alikuwa mlangoni na aproni yake. Lori lilisimama kwa Mossie, likasimama kwa mwalimu wa shule, likaja mpaka mbele ya mlango wa Dympna, likapita. Tansey alikuwa anatazama mbele kama mtu anayepita makaburini. Dympna alibaki na mikono kiunoni mpaka lori lilipokata kona.

Alielewa mara moja. Hakuhitaji kuambiwa. Mwanawe alikuwa ameshindwa kuuzima moto kwa maneno, akaamua kuunyima chakula.

Alikwenda bandani. Nyuma ya magunia matupu na baiskeli ya Bartley kulikuwa na kigari cha mtoto, kile cha zamani chenye magurudumu makubwa na springi, ambacho mama zetu walikuwa wakikisukuma kama manahodha. Fergal alilelewa humo. Dympna alikitoa, akakipangusa utando wa buibui, akafunga kitambaa kichwani na kushika njia nacho. Hakupitia uchochoro wa nyuma ambao ni mfupi. Alipitia Barabara Kuu, mbele ya posta, mbele ya kanisa, mbele ya bucha, saa ambayo kila mtu yuko nje.

Yadi ya Tansey iko karibu na kituo cha reli. Malachy alikuwa anapima makaa kwenye mizani aliposikia springi zile zinalia langoni. Alipoinua macho, uso wake ulibadilika chini ya masizi.

"Bi Dympna," alisema, "usinifanye mbaya. Fergal alikuja hapa karibu kulia. Kasema ukianguka tena ukafa, damu yako itakuwa mikononi mwangu."

"Kila mtu atakufa, Malachy. Mimi nimechagua kufa nikiwa na joto."

"Yeye ndiye mwenye nyumba."

"Na mimi ndiye mwenye tumbo lililomzaa. Nani kati yetu amekuwa akinunua makaa kwako? Karatasi au mimi?"

Tansey alisema maneno mengine ya busara, kwamba mambo yamebadilika, kwamba hata yeye mwenyewe, muuza makaa, nyumbani kwake siku hizi anatumia hita ya umeme. Hilo alilisema kama faraja. Dympna alimjibu kwamba analijua, mji mzima unalijua, na ndiyo maana tangu mkewe afariki hakuna mtu anayekaa kwake zaidi ya dakika tano. Lilikuwa jambo la kikatili na lilikuwa kweli. Alipoliona limemwingia mwenzake, alitamani kulimeza, ila hakuwa amekuja pale kuomba radhi.

Tansey alichukua beleshi. Akaanza kujaza kigari. Dympna alimzuia mkono. Aliinama, nyonga na yote, akachukua makaa mawili, akayagonganisha. Yalilia vizuri.

"Endelea," akasema.

Alipomaliza, Tansey alisema atampelekea mwenyewe na lori, asijisumbue. Dympna akamwambia lori lake lilishapita kwake bila kusimama, na lisirudi mpaka aliite. Akazungusha kigari. Mzigo ulikuwa mzito, springi zimelala, gurudumu moja linachechemea, lakini alitoka langoni kichwa juu.

Sasa, Ballinorra ni mji mdogo na mdomo wake ni mkubwa. Mbele ya bucha walikuwa wamesimama wanaume kadhaa waliomwona akishuka na kigari kitupu na sasa wanamwona akipanda nacho kimejaa, kimefunikwa kitambaa. Mmoja akashindwa kujizuia.

"Hongera, Bi Dympna. Mtoto wa nani huyo?"

"Wa Malachy Tansey," alisema Dympna bila kusimama. "Na ana sura yake, mtazame alivyochafuka."

Kicheko kile kilisikika mpaka posta. Kabla ya jua kuzama kilikuwa kimefika kila nyumba, na Tansey alipoingia kwenye baa jioni, watu walisimama kumpa mkono na kumuuliza ubatizo ni lini. Mzee wa watu alitoka humo bila kumaliza kinywaji chake.

Dympna hakuishia hapo. Kila makaa yalipokaribia kwisha alikwenda tena, njia ile ile, saa ile ile. Mvua ilinyesha, akaenda. Mke wa mwalimu alijitolea gari, akamshukuru, akakataa. Mossie alitaka kumsukumia, akaambiwa aende akasukume vyake. Jioni alikuwa anajikanda nyonga kwa mafuta ya kafuri, akiuma meno, maana maumivu yalikuwepo jamani, asije mtu akadhani hayakuwepo. Lakini asubuhi dohani ilifuka, na kwa Dympna hiyo ilikuwa hoja tosha.

Habari zilifika Dublin, kama habari zinavyofika. Fergal alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefedheheka. Alisema mambo yamekwisha, amepata mafundi, wataanza mapema kuliko alivyopanga. Akataja siku: tarehe mosi Mei.



"Mosi Mei," akarudia Dympna. "Una uhakika, mwanangu?"

Fergal alisema ana uhakika, kazini wamempa mapumziko siku hiyo.

"Haya. Njoo. Nitaoka mkate."

Fergal alikata simu akiwa na furaha, akamwambia mkewe kwamba mama amelegea. Unaona basi mtu anavyoweza kuzaliwa mahali, akalelewa hapo, akala chumvi yake, na bado Dublin ikamfuta kichwani jambo ambalo hata mbwa wa Ballinorra wanalijua.

Siku ilifika. Fundi alikuwa Colm Dockery, mwashi wa kijiji cha jirani, mtu mzima, amekuja na mwenzake na gari la matofali. Waliingia sebuleni na vyombo vyao wakasimama. Mekoni moto ulikuwa unawaka kama wa sikukuu. Dympna alikuwa amekaa kando yake, amevaa gauni lake la misa, mkate mezani umefunikwa.

Colm alivua kofia. Alitazama moto, akamtazama Fergal.

"Nilidhani utakuwa umeshazimwa," alisema. "Jana."

"Si kazi kubwa," alisema Fergal. "Tutauzima, tutatoa majivu nje, mtaanza."

Mwenzake Colm alirudi nyuma hatua moja. Colm mwenyewe alikuwa anaigeuzageuza kofia yake mikononi. Akasema yeye si mtu wa ushirikina. Akasema amejenga nyumba katikati ya njia wanayopita majini bila kuogopa. Kisha akasema wazi:

"Mimi siamini mambo hayo, Fergal. Lakini sitoi moto wala jivu nje ya nyumba ya mtu tarehe mosi Mei. Bahati ya nyumba hutoka nayo mwaka mzima. Mama yangu angetoka kaburini kunichapa."

Hapo ndipo Fergal alipokumbuka. Ungeuona uso wake ulivyorudi utotoni. Alikumbuka mama yake akimkataza baba yake hata kuwashia kiko cha mgeni siku ile, akamkumbuka mwombaji aliyepewa mkate na nyama na akanyimwa kaa moja la moto. Akamgeukia mama yake. Dympna alikuwa anakata mkate.

"Ulijua," alisema Fergal.

"Nilikuuliza kama una uhakika."

Mafundi walikula mkate wao kwa siagi, wakanywa chai, wakasema watarudi kesho yake. Mossie alikuwa ameegemea ukuta wa uani na kikombe chake, na wallahi sijawahi kumwona ametabasamu kama siku ile. Fergal hakuwa na la kufanya ila kukaa mpaka kesho yake. Mchana kutwa alizunguka nyumba, akatengeneza bawaba ya mlango ambayo haikuwa mbovu, akapasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa. Bandani alikiona kigari, kimejaa vumbi jeusi, akakaa nacho muda. Dympna alimwona kupitia dirisha la jikoni.

Jioni ilipoingia, wakati wa kuufukia moto ukafika. Fergal alikuwa amekaa upande wa pili wa meko, kiti cha baba yake. Alimngoja mama yake apige magoti kama kila siku. Dympna hakuinuka. Aliikunja mikono yake mapajani.

"Leo zamu yako," alisema. "Nyumba yako, meko yako, moto wako. Ukitaka ufe, ukae hapo uutazame ukifa. Usinitumie Tansey, usinitumie Colm. Uuue kwa mkono wako."

"Mama, tafadhali."

"Hakuna tafadhali."

Walikaa. Kuni za mwisho zilikatika zikaanguka. Wekundu ukaanza kurudi ndani ya makaa, na ukingoni mwa meko majivu yalikuwa meupe kabisa. Dympna alikuwa ameshika viganja vyake kwa nguvu, kila mfupa wake unamsukuma ainuke, naye anajikatalia. Alikuwa amekata shauri. Afadhali uzimike mbele ya macho ya aliyeuzima kuliko kuibiwa ukiwa unapika chai.

Ndipo Fergal akasema:

"Mossie anaona moshi wako kila asubuhi. Mimi niko Dublin. Mimi naona nini? Tangu ulipoanguka, simu ikilia kazini nafikiri ni kuambiwa umekutwa umelala kule bandani. Kila siku. Kila simu."

Dympna alimtazama mwanawe kwa mara ya kwanza tangu siku ya viazi. Aliona kwamba nywele za pembeni zimeanza mvi. Hilo lilimuuma, na kuumwa kwenyewe kukampandisha hasira zaidi.

"Hilo hukuniambia," akasema. "Ungeniambia unaogopa ningekusikia. Wewe ulikuja kuniambia habari za karatasi."

 Fergal alijifuta uso kwa kiganja. Kisha alichukua chuma cha kuchokorea, akapiga magoti, na Dympna akamtazama mkono, kwa maana kwa chuma kile unaweza kutawanya na unaweza kukusanya, na mwanzo wake ni mmoja.

Alikusanya. Aliyavuta makaa katikati polepole, kama alivyofundishwa akiwa mdogo, akayafukia kwa majivu, akayabonyeza kwa mgongo wa beleshi. Mkono ulikuwa mzito, umesahau mengi. Akachukua vumbi la makaa na maji ya bomba.

"Majani ya chai," alisema Dympna.

Fergal akaenda kuchukua birika.

Asubuhi Dympna aliamka kabla yake. Alifukua. Palikuwa na giza. Alichimba zaidi, na giza likaendelea, maana mtoto alikuwa ameweka majivu mengi kama anayezika ng'ombe. Kisha chini kabisa, nyuma, akaona kaa moja, dogo kama kiazi cha mbegu, jekundu. Aliinama akalipuliza, akalilisha vijiti vikavu, akalipuliza tena mpaka macho yakamtoka machozi. Likashika. Alipogeuka, Fergal alikuwa mlangoni na soksi zake, amekuwa akitazama muda gani, Mungu anajua.

Colm Dockery alipofika na gari la matofali, Fergal ndiye aliyetoka nje. Alimwambia aweke boila na mabomba ya vyumba vya kulala. Meko asiyaguse. Dohani asiiguse. Kutoka ndani Dympna alipaza sauti kwamba yeye na hayo mabomba hajayakubali bado, atayafikiria, na ampe Colm chai wakati akifikiria. Kigari Fergal alitaka kuondoka nacho kwenye buti la gari, akidai gurudumu lake linahitaji kutengenezwa. Aliambiwa akiache pale pale kilipo, bado kinaweza kuhitajika.

Alhamisi, Dympna alimpelekea Tansey neno kwamba lori linaruhusiwa. Likapanda Mtaa wa Kanisa, likasimama. Malachy alishuka amevaa shati safi, jambo ambalo mtaa mzima uliliona, akashusha gunia. Dympna alilifungua mdomo, akagonganisha makaa mawili, akakubali kwa kichwa. Kisha akachukua kuni mbili.

"Mbichi," akasema. "Rudisha."

"Haki ya Mungu, Dympna, hizi nimekuchagulia mwenyewe."

"Ndiyo maana. Rudisha. Na ukimaliza kuzunguka, pita hapa kwa chai. Kwangu kuna mahali pa kukaa."

Tansey akarudi kwenye lori na kuni zake mbichi, na safari hii hakuguna. Juu ya ukuta wa uani kichwa cha Mossie kilikuwa kimeinamia simu, anabonyeza kwa kidole kimoja. Dympna akamuuliza anamwandikia nani mapema yote hii. Mossie alijaribu kuificha simu mfukoni, akashindwa, akakiri. Ni Fergal. Wamekubaliana kwamba kila asubuhi amwandikie neno moja tu: inafuka.

Dympna alifikiri kukasirika. Alikuwa na haki ya kukasirika, kutangazwa kama hali ya hewa na mwanawe na jirani yake. Alitazama juu, dohani yake ikitoa moshi mweupe ulionyooka kuelekea kanisani.

"Mwandikie inafuka," akasema. "Na mwambie aje Jumapili aufukie mwenyewe. Mkono wake bado mbovu, na mimi sitaishi milele."